Mezani kinaonekana, ziwani kinapotea: kwa nini kihisi hakitambuliki kwenye njia ya I2C

Programu ikikuandikia kwamba kihisi hakijapatikana, haijakuambia kwamba kihisi kimekufa. Imekuambia jambo dogo zaidi: iliita anwani fulani kwenye waya, ikasubiri pigo moja la saa, na hakuna kifaa kilichoushusha waya kuitikia. Kati ya wito ule na chipu yenyewe kuna pini, uchomeaji, rezista, urefu wa kebo, unyevu wa ziwa, maktaba ya programu na anwani iliyoandikwa vibaya. Kila kimoja kinaweza kuzaa ukimya uleule.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu huku Mwanza vihisi vizima vinatupwa. Ufugaji wa sato kwenye vizimba umeenea mwambao wa ziwa, Ilemela, Sengerema, Ukerewe na kwingineko, na vijana wa hapa wanatengeneza vifaa vya kupima joto la maji, oksijeni na hali ya hewa. Kifaa kinafanya kazi vizuri mezani Nyegezi au Malimbe, kinapakiwa kwenye boti, kinafungwa kizimbani, na ikifika jioni hakuna kihisi hata kimoja kinachoonekana. Hukumu inatolewa palepale: kihisi kibovu, agiza kingine Dar es Salaam. Kingine kinakuja na kinafanya vilevile. Pesa imekwenda, na mfugaji bado hajui oksijeni ya maji yake ikoje karibu na alfajiri, wakati ambapo kwa kawaida huwa chini kabisa na samaki waliobanana kizimbani wanaweza kufa kwa wingi.

Dawa ni kujifunza kuusoma ukimya wenyewe, kwa sababu ukimya wa I2C, njia ya waya ambayo bodi (kompyuta ndogo ya kifaa) huitumia kuzungumza na vihisi, una sura kadhaa na kila sura ina chanzo chake.

Waya unaoshushwa na wote, usiopandishwa na yeyote

I2C ilibuniwa na kampuni ya Philips ya Uholanzi mwaka 1982 ili chipu zilizomo ndani ya kifaa kimoja, mfano televisheni, ziweze kuwasiliana kwa nyaya chache. Shika maneno hayo: ndani ya kifaa kimoja. Tutayarudia tukifika kwenye kebo.

Nyaya zake za mawasiliano ni mbili. SDA hubeba data, SCL hubeba mapigo ya saa. Ukiongeza waya wa umeme (VCC) na waya wa 0 V (GND), nyaya 4 zinatosha kuunganisha vifaa vingi kwa pamoja, na kila kifaa hutofautishwa kwa anwani ya biti 7. Anwani zote ni 128, kati yake 16 zimetengwa kwa kazi maalumu, kwa hiyo zinabaki 112 za kutumia, kuanzia 0x08 hadi 0x77 (0x inaonyesha namba imeandikwa kwa hesabu ya 16).

Sasa lije jambo ambalo wengi hulipita haraka. Kifaa chochote kilichopo kwenye njia kinaweza kuushusha waya hadi 0 V, lakini hakuna kifaa chenye uwezo wa kuupandisha. Kinachoupandisha ni rezista iliyofungwa kati ya waya na umeme wa 3.3 V au 5 V, ambayo hapa nitaiita rezista ya kuvuta juu. Vifaa vyote vikiachia, rezista inaurudisha waya juu. Bodi inapoita anwani hutuma biti 8, 7 za anwani na 1 ya kueleza kama inataka kusoma au kuandika, kisha kwenye pigo la 9 inaiachia SDA. Mwenye anwani hiyo anaishusha. Huko kushuka ndiko kuitikia, hakuna kingine.

Ukilielewa hilo, hitilafu nyingi unaweza kuzitabiri mwenyewe bila kusoma mahali popote. Rezista ikikosekana, waya haupandi na hakuna mazungumzo. Kifaa kimoja kikiganda kikiwa kimeushusha waya, vifaa vyote vingine vinanyamaza pamoja nacho, hata kama ni vizima. Waya ukipanda kwa kuchelewa, bodi inasoma chini mahali palipopaswa kuwa juu. Na vifaa viwili vikiwa na anwani moja, vyote vinaitikia kwa wakati mmoja na data yao inavurugana.

Multimita kwanza, programu baadaye

Naamini kwa dhati kwamba dakika 5 za multimita zinaokoa siku nzima ya kubadilisha mistari ya programu. Washa kifaa, hakikisha hakuna mawasiliano yanayoendelea, weka ncha nyeusi kwenye GND na nyekundu kwenye SDA, halafu SCL. Nyaya zote mbili zinatakiwa kusoma karibu na umeme wa mfumo. Kwa bodi kama ESP32 au Raspberry Pi hiyo ni 3.3 V.

Ukisoma 0 V, ama rezista ya kuvuta juu haipo, ama kuna shoti, ama kuna kifaa kilichoushikilia waya chini. Chomoa vifaa kimoja kimoja huku ukiangalia mita. Kile ambacho kikitoka waya unapanda ndicho cha kuchunguza, na hapo hujaandika hata mstari mmoja wa programu.

Ukisoma kitu cha katikati, mfano 0.7 V au 1.5 V, usiridhike kwa kuwa eti kuna umeme umeonekana. Kwa viwango vya I2C, hali ya juu huanzia asilimia 70 ya umeme wa mfumo na hali ya chini huishia asilimia 30. Kwenye 3.3 V hiyo ni takriban 2.3 V na 1 V. Waya ukikaa katikati ya namba hizo mbili, hakuna kifaa kinachoweza kusema kwa hakika kama ni juu au chini.

Usomaji wa katikati una chanzo kimoja kinachowasumbua wengi: moduli iliyounganishwa SDA na SCL lakini haina umeme wake, labda kwa sababu waya wake wa VCC umekatika ndani ya plastiki. Chipu nyingi zina dayodi za kinga, vijia vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zinazounganisha pini zake na waya wake wa umeme. Chipu ikikosa umeme, mkondo wa rezista ya kuvuta juu unapenya kwenye dayodi hizo na kujaribu kuiwasha chipu kwa mlango wa nyuma. Njia nzima inavutwa chini na kifaa ambacho kiuhalisia kimezimika. Mtu anaangalia vihisi vitatu vyenye taa zinazowaka na kuvilaumu, kumbe mwenye kosa ni wa nne, asiye na taa.

Kisha zima umeme wote na upime ohm kati ya SDA na waya wa 3.3 V. Namba utakayoiona ni rezista zote za kuvuta juu zikiwa sambamba. Moduli nyingi za bei nafuu zinakuja na rezista zake, aghalabu 4.7k (ohm 4,700) au 10k. Moduli 4 zenye 4.7k kila moja zinatoa takriban ohm 1,175, na kwenye 3.3 V kila kifaa kinapotaka kuushusha waya kinalazimika kumeza karibu mA 2.8. Kikomo cha kawaida ni mA 3, kwa hiyo uko ukingoni. Ukiongeza moduli mbili zaidi utashangaa kuona vifaa vilivyokuwa vinaonekana jana vinapotea, wakati hujavigusa. Hapo suluhisho ni kuondoa rezista za baadhi ya moduli kwa chuma cha kuchomea.

Upande wa pili, ukipima ukakuta hakuna rezista kabisa, usitegemee zile za ndani ya ESP32. Ziko karibu 45k, dhaifu mno. Zinaweza kukufikisha mahali kwa waya wa sentimita chache, kisha zikakuangusha.

Jedwali la msako linasema nini

Njia ikiwa juu, sasa saka anwani. Kwenye Raspberry Pi amri ni i2cdetect -y 1. Kwenye ESP32 na Arduino kuna programu fupi inayopita anwani zote na kuchapisha zilizoitikia. Watu hulitazama jedwali wakitafuta anwani yao tu. Litazame lote.

Jedwali tupu kabisa mara nyingi ni habari njema, maana kosa liko mahali pa wazi. Badilishanisha nyaya za SDA na SCL. Kuzikosea hakuunguzi chochote. Angalia namba za pini: ESP32 ya kawaida kwenye mazingira ya Arduino hutumia 21 kwa SDA na 22 kwa SCL, ESP8266 hutumia 4 na 5, na bodi za familia ya C3 au S3 zina mpangilio wao, kwa hiyo programu iliyonakiliwa kutoka bodi nyingine inaongea na pini ambazo hazina waya. Halafu itazame moduli yenyewe kwa karibu. Nyingi zinauzwa pini zikiwa pembeni kwenye mfuko, hazijachomewa. Mtu anazipenyeza kwenye matundu, anaziegemeza kwenye bredibodi, taa inawaka kwa kugusana tu, na mawasiliano hayapiti. Pini isiyochomewa haijaunganishwa, hata ikibana namna gani.

Kwenye Raspberry Pi, kama hata /dev/i2c-1 haipo, hujafika kwenye vihisi bado. I2C haijawashwa kwenye mipangilio ya mfumo.

Jedwali lililojaa, kila anwani ikidai kuitikia, huwa na maana moja: SDA imeshikiliwa chini. Bodi inaita, inatazama pigo la 9, inakuta waya uko chini, inaandika kwamba kifaa kipo. Si bodi zote zinaonyesha hivyo, nyingine hugoma au kuganda tu. Msako unaokwenda polepole mno, anwani moja baada ya nyingine kwa kusubiri, uelekeze macho yako kwenye SCL.

Herufi UU kwenye jedwali la Linux zinawatisha watu bure. Maana yake ni kwamba dereva ndani ya mfumo tayari anakimiliki kifaa cha anwani hiyo. Saa ya DS3231 iliyosajiliwa kwenye mfumo itaonyesha UU badala ya 68, na iko salama.

Kuna pia vifaa ambavyo haviitikii msako kwa tabia yake. AM2320, kihisi cha joto na unyevu kinachopatikana kirahisi, hulala kati ya vipimo. Wito wa kwanza unakiamsha tu, wa pili unaofuata upesi ndio unaojibiwa, kwa hiyo kwenye msako anwani 0x5C inaweza kutoonekana kabisa. Moduli za EZO za oksijeni na pH, zinazotumiwa sana kwenye maji, hutoka kiwandani zikiwa kwenye hali ya UART, njia nyingine ya mawasiliano. Taa yake ikiwa ya kijani hakuna anwani utakayoiona hadi uibadilishe kwenda I2C, na hapo taa huwa ya bluu. Anwani ya oksijeni ni 97 na ya pH ni 99, na kwa kuwa jedwali linaandikwa kwa hesabu ya 16, utaziona kama 61 na 63.

Anwani: namba mbili za kifaa kimoja

Hapa pana mkanganyiko unaostahili kukaliwa kidogo. Anwani ni biti 7, lakini kwenye waya inasafiri pamoja na biti ya kusoma au kuandika. Watengenezaji wengine huandika biti zote 8 pamoja, na namba inakuwa mara mbili ya ile halisi. Geuza kioo kidogo cha OLED cha inchi 0.96 uangalie mgongoni: mara nyingi kimeandikwa 0x78 na 0x7A. Ukiweka 0x78 kwenye programu hakuna kitakachotokea. Gawa kwa 2: 0x3C. Hiyo ndiyo anwani ambayo msako unaiona. Kanuni rahisi ya kushika ni kwamba anwani yoyote iliyozidi 0x77 imeandikwa kwa biti 8.

Hali nyingine ni kihisi kinachoonekana kwenye msako lakini maktaba inakikana. BME280, kihisi cha joto, unyevu na kanieneo ya hewa, ni mfano mzuri. Ina anwani mbili, 0x76 na 0x77, kutegemea pini ya SDO imeunganishwa chini au juu. Moduli nyingi za sokoni ziko 0x76, wakati maktaba ya Adafruit huanza na 0x77 usipoiambia vinginevyo. Ukirekebisha hilo na bado inakataa, soma rejista 0xD0, mahali ndani ya chipu panapohifadhi namba ya utambulisho wake. BME280 halisi inajibu 0x60. Ukipata 0x58, una BMP280, chipu ndugu isiyopima unyevu, na maktaba imefanya vyema kuikataa. Hata kwa macho unaweza kuzitofautisha: BME280 ni ya mraba, BMP280 ni ndefu kidogo upande mmoja.

Na kwa kuwa tuko Mwanza, kuna kipimo kingine cha bure. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kanieneo ya hewa hapa huwa karibu hPa (hektopaskali) 885 hadi 890. Kihisi kinachokuandikia 1013 ukiwa ufukweni Kirumba kinakupa ama namba iliyosahihishwa kwenda usawa wa bahari, ama data isiyotoka kwenye kihisi kabisa. Kuitikia anwani na kupima sawasawa ni mambo mawili. Namba hiyo ina uzito kwa samaki pia: maji ya nyuzi 25 yanayoshikilia takriban mg 8.3 za oksijeni kwa lita usawa wa bahari, hapa yanashikilia karibu mg 7.2 tu.

Mgongano wa anwani nao una sura yake. DS3231 na kihisi cha mwendo MPU6050 zote zinakaa 0x68. Ukizifunga pamoja, msako unaonyesha anwani moja na data zote mbili zinaharibika. MPU6050 inahamia 0x69 ukiiunganisha pini yake ya AD0 na umeme, yamekwisha. Kwa vihisi visivyo na pini ya kuhamisha, kuna multipleksa ya TCA9548A yenye njia 8, inayokuwezesha kufungua njia moja kwa wakati. Angalia tu kwamba yenyewe inakaa kati ya 0x70 na 0x77, jirani na BME280. Usishangae pia ukiona 0x57 usiyoijua: moduli nyingi za DS3231 zimebeba chipu ya kumbukumbu ya AT24C32 na hiyo ndiyo anwani yake.

Kebo: hapa ndipo ziwa linapotofautiana na meza

Mezani una nyaya za sentimita 20. Kizimbani, kisanduku kiko kwenye jukwaa na kihisi kiko upande wa pili, labda mita 10. Watu hukata kebo ya mtandao, wanaunganisha, na ukimya unaanza.

Kila mita ya kebo ina kapasitansi, yaani uwezo wa kushika chaji, unaopimwa kwa pF (pikofaradi). Kebo ya mtandao ya Cat5e ina takriban pF 50 kwa mita, na kikomo cha I2C ya kawaida ni pF 400 kwa njia nzima, vifaa vikiwemo. Mita 8 zimekwisha kumaliza kibali chote. Fikiria ndoo inayojazwa kwa mrija: kapasitansi ni ukubwa wa ndoo, rezista ya kuvuta juu ni wembamba wa mrija, na waya unahesabika uko juu pale tu maji yanapofika alama. Muda wa kupanda ni takriban 0.85 mara rezista mara kapasitansi, na kwa kasi ya 100 kHz hautakiwi kuzidi maikrosekunde 1.

Tuweke namba. Mezani, rezista ya 4.7k na pF 100: maikrosekunde 0.4. Safi. Kizimbani, rezista ileile na kebo ya mita 10 yenye pF 500: maikrosekunde 2, mara mbili ya kikomo. Na kama ulikuwa unategemea rezista za ndani za 45k: maikrosekunde 19, wakati biti nzima kwa 100 kHz inachukua maikrosekunde 10 tu. Waya hauwahi kupanda hata mara moja. Kihisi kiko kizima ndani ya maji, hakijasikia wito wowote.

Ukiwa huko huko kwenye boti, cha kwanza ni kushusha kasi. Andika 10 kHz badala ya 100, na kihisi kikijitokeza umeshajua tatizo ni kebo, hata kabla ya kulitibu. Kisha punguza rezista. Kwa 3.3 V unaweza kushuka hadi karibu ohm 1,000 bila kuzidi mA 3, na 2.2k ni mahali pazuri pa kuanzia. Ndani ya kebo ya jozi zilizosokotwa, usiweke SDA na SCL kwenye jozi moja kamwe. Zinaambukizana, na mapigo ya saa yanaonekana kwenye data. SDA isokotwe na GND, SCL isokotwe na GND nyingine au na umeme.

Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba I2C haifai kutoka nje ya kisanduku. Iache ndani, kati ya bodi na chipu zilizo jirani, kazi iliyobuniwa kuifanya. Ukilazimika kuitoa, tumia chipu za kuirefusha kama PCA9615, inayogeuza ishara kuwa jozi tofautishi, yaani nyaya mbili zinazobeba ishara kinyume. La sivyo, kihisi kilicho mbali kichague chenye RS-485, njia ya mawasiliano ya nyaya ndefu inayoweza kufika mita 1,200.

Kwa joto la maji jibu ni jepesi zaidi: DS18B20 yenye ncha ya chuma, inayotumia njia ya 1-Wire. Kila moja ina namba yake ya biti 64 kutoka kiwandani, kwa hiyo hazigongani, na waya wake unaweza kwenda makumi ya mita. Nayo ina lugha yake ya kulalamika. Ukisoma -127 kwenye Arduino, kihisi hakijibu kabisa. Ukisoma 85 kamili, kihisi kipo lakini kipimo hakijafanyika: 85 ni namba inayokaa humo chipu inapowashwa, na kupima kwa biti 12 kunahitaji milisekunde 750. Maji ya Ziwa Victoria hayafiki nyuzi 85, usiitume namba hiyo kwa mfugaji. Kwenye Linux, vifaa vya ajabu vinavyoanza na 00 badala ya 28 vinaashiria rezista ya 4.7k imesahaulika. Na kebo iwe shina moja lenye vihisi njiani. Ukitawanya matawi marefu kutoka katikati, ishara zinarudi nyuma na kuchanganyikana.

Njia iliyoganda baada ya bodi kujiwasha upya

Hitilafu hii ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu watu wanaitafuta kwa wiki nzima kwenye programu na haimo humo. Kifaa kinatumia sola. Alfajiri betri iko chini, bodi inataka kutuma data, umeme unayumba, bodi inajiwasha upya. Lakini kihisi hakikuzimika, kinahitaji umeme kidogo sana na kilikuwa katikati ya kutuma biti. Biti hiyo ilikuwa 0, kwa hiyo kimeishusha SDA na kinasubiri pigo la saa lije ili kiendelee. Bodi imeamka, haina kumbukumbu ya mazungumzo yale, inakuta SDA iko chini na kuhesabu njia ina shughuli. Wote wawili wanasubiriana.

Kubonyeza kitufe cha kuwasha upya hakusaidii, maana kitufe kinaiwasha bodi tu. Ukichomoa betri na kuirudisha, kila kitu kinapona, na ndipo watu wanaposema kifaa kina mashetani. Tiba ni kuipa bodi, kabla ya kuanzisha I2C, kazi ya kupiga mapigo 9 kwenye SCL huku SDA imeachiwa, kisha ishara ya kumaliza. Kihisi kinamalizia biti zake na kuiachia njia. Imara zaidi ni kupitisha umeme wa vihisi vyote kwenye transista inayodhibitiwa na bodi, ili bodi iweze kuvizima na kuviwasha. Ukichagua hilo, zipitishe na rezista za kuvuta juu kwenye umeme huohuo, vinginevyo utarudi kwenye tatizo la chipu inayolishwa kwa mlango wa nyuma.

Umande

Kihisi kinachopotea alfajiri na kurudi saa nne asubuhi kina hadithi nyingine. Kisanduku kinapashwa na jua mchana, kinapoa usiku juu ya maji, na hewa yenye unyevu inavutwa ndani kupitia upenyo wowote. Umande unatua kwenye bodi, kati ya pini za SDA na GND. Utando ule ukifikia upinzani wa 10k, na rezista yako ya kuvuta juu ni 10k, waya unakaa 1.65 V, katikati kabisa ya eneo lisilo na maana. Jua likichomoza, bodi inakauka, kihisi kinarudi. Fundi anafika saa sita mchana na kukuta kila kitu kinafanya kazi.

Umeme wa DC juu ya unyevu pia unakula shaba taratibu. Utaona rangi ya kijani kwenye pini, na hiyo haifutiki kwa kukausha. Paka bodi vanishi ya elektroniki, lakini ziba kwanza kitundu cha BME280 kwa utepe, kwa sababu ikizibwa na vanishi haitapima tena unyevu. Kebo ziingie kwa chini ya kisanduku, na kila moja ishuke kidogo kabla ya kupanda ili maji yadondokee hapo. Wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kwa mawingu, nao huingia kwenye upenyo uleule na mizoga yao inashika maji, kwa hiyo upenyo wa hewa uwekewe wavu.

Jambo la mwisho linahusu nauli ya boti. Kila bodi inapoamka, kabla ya kuanzisha I2C, isome hali ya SDA na SCL kama pini za kawaida, kisha isake anwani, na itume matokeo hayo pamoja na data au badala yake. Ni baiti chache tu. Ukiwa mjini utajua kama SDA imeganda chini, kama anwani moja imetoweka na nyingine zipo, au kama zote zimetoweka pamoja. Kwa hali ya kwanza, iamuru bodi ipige mapigo 9 ukiwa umekaa mjini. Kwa ya pili, beba moduli moja na chuma cha kuchomea. Kwa ya tatu, acha moduli nyumbani, beba multimita, waya na rezista za 2.2k, na uondoke mapema ili ufike kabla umande haujakauka.